Risala ya familia zinazozungumza Kiswahili, Phoenix, Arizona, kwa mgeni rasmi katika mkusanyiko wa Jumamosi usiku

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mjumbe wa Bodi ya Wilaya ya Shule;
Mwalimu Mkuu na walimu mlioacha likizo yenu kuja kukaa nasi;
Viongozi wetu wa misikiti na makanisa;
Wazee wetu, mama zetu, vijana na watoto;
Itifaki imezingatiwa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha salama usiku huu. Hapa kwetu, mwezi wa Julai, shukrani hiyo ina uzito wake. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wa watu ambao hawajawahi kukualika. Risala hii tunaisoma kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotuunganisha sisi tuliotoka Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya na Somalia. Binti aliyesimama kando yako ni mwanafunzi wa darasa la kumi katika shule hii, naye ndiye anayekutafsiria. Tunaomba umvumilie akikwama kwenye misemo ya wazee.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza Julai 2023. Waliokuwa hapa mwaka ule hawajasahau. Kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, siku 31 mfululizo, joto la mchana lilifika au kupita nyuzi 110 za Farenhaiti, yaani zaidi ya 43 za Selsiasi. Usiku nao haukutupa nafuu: kwa siku 16 mfululizo kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 90. Mwaka ule Kaunti yetu ya Maricopa iliandikisha vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Sisi tuliokulia Kigoma, Uvira na Mombasa tulidhani joto tunalijua. Joto la kwetu lakini lina unyevu na upepo wa bahari au wa ziwa, na jasho likikutoka unaliona. La huku ni kavu, linafyonza jasho kabla hujaligundua, na mtu anaishiwa maji mwilini huku akijiona yu mzima.

Kwa hiyo tulijifungia. Wiki nzima, wiki mbili, tatu. Watoto na simu zao, wazee na televisheni wasiyoielewa lugha yake. Shule zilikuwa zimefungwa tangu mwisho wa Mei na zisingefunguliwa hadi Agosti. Ndipo jioni moja, jua lilipokwisha kuzama, mama mmoja wa mtaa wetu akatoa mkeka wake nje, akautandika karibu na chumba cha kufulia, akaweka juu yake jagi la maji lililojaa barafu. Hakumwita mtu. Alikaa tu. Baada ya muda akatoka jirani wa ghorofa ya juu, halafu mwingine na watoto wake wanne. Jumamosi iliyofuata mikeka ilikuwa mitano.

Hapo ndipo tulipojifunza somo letu la kwanza kuhusu mji huu. Mtoto mmoja alivua kandambili akimbilie mpira kwenye maegesho ya magari. Ilikuwa saa mbili usiku, giza limeingia. Hakupiga hatua kumi, akarudi analia, nyayo zimekuwa nyekundu. Lami hufyonza jua mchana kutwa, na inaweza kufika nyuzi 160, yaani 71 za Selsiasi. Usiku huanza kulirudisha joto lile polepole, pamoja na zege na kuta za matofali. Ndiyo maana katikati ya mji usiku hauna ubaridi ule unaoupata ukitoka nje kidogo jangwani. Hospitali za hapa kila majira ya joto hupokea watu walioungua ngozi kwa sababu tu walianguka barabarani wakashindwa kuinuka. Tukahamisha mikeka kwenye nyasi, pembeni ya uzio wa uwanja wenu huu. Kwa miaka hiyo yote tumekuwa majirani zenu wa nje ya uzio, na leo ndiyo mara ya kwanza tunaingia ndani.

Mheshimiwa, labda unajiuliza tunafanya nini saa hizo zote. Tunaanza jua likizama, ambalo mwishoni mwa Juni huzama kama saa moja na dakika arobaini, na tunamaliza saa tatu na nusu. Zamani tulikuwa tunakwenda hadi saa nne, lakini vijana wetu wa Kirundi wanapiga ngoma, na ngoma ya Kirundi haijui kunong'ona. Majirani walilalamika, tukakaa nao, tukakubaliana. Sasa baadhi yao huja wenyewe na viti vyao vya kukunja.

Wazee wana bao lao pale chini ya taa. Wanawake wana upande wao wa soga na nyimbo, na vigelegele ukivisikia ujue kuna binti kapata kazi au kuna aliyefaulu mtihani wa uraia. Vijana wanacheza mpira, watano kwa watano, wakipumzishwa kila baada ya dakika kumi kunywa maji, hata wasipotaka. Mara moja kwa mwezi tunatundika shuka jeupe kwenye uzio, tunaonyesha picha kwa projekta tuliyochangishana. Lakini kinachopendwa kuliko vyote ni hadithi. Bibi anasema "Paukwa!" na watoto hamsini wanajibu "Pakawa!" kwa sauti inayofika barabarani. Wengi wao wamezaliwa hapa. Sungura wao amekwisha kuhamia Arizona: wiki iliyopita mtoto wa miaka saba alitusimulia jinsi Sungura alivyomkimbia Fisi akajificha nyuma ya saguaro, ule mti mrefu wa miiba wenye mikono, na Fisi akaukumbatia kwa hasira. Hadithi hiyo hakuna aliyemfundisha.

Tunapofanya hivi, Mheshimiwa, hatudhani tumegundua jambo jipya. Jangwa hili lilikuwa na watu na sherehe zake za majira ya joto maelfu ya miaka kabla yetu. Mifereji inayopita katikati ya mji huu inafuata kwa sehemu njia za mifereji iliyochimbwa kwa mikono na wenyeji wa kale, wale wanaoitwa Hohokam. Watu wa Tohono O'odham hadi leo, mwezi Juni ukielekea mwisho, huchuma matunda ya saguaro kwa fito ndefu, wakapika sharubati yake na kutengeneza divai ya sherehe ya kuita mvua. Mwaka wao mpya unaanzia hapo, katika joto kali kabisa. Kule Tucson, mji wa kusini mwa Arizona, Juni 24, siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, watu huandamana na sanamu yake wakisubiri mvua za majira ya joto. Na wazee wa mji huu, kabla viyoyozi havijaenea, walikuwa wakilala barazani wakiwa wamejifunika mashuka yaliyoloweshwa maji. Hata saa zetu zinaeleza jambo hilo: tangu 1968 Arizona, ukiacha nchi ya Wanavajo, haisogezi saa mbele wakati wa kiangazi kama majimbo mengine mengi, maana hapa nani anataka jua lichelewe kuzama? Ukiyaweka pamoja haya yote unaona kwamba watu wa jangwani tangu zamani walijua kuishi usiku. Sisi wageni tumejifunza kwa kuchelewa.

Sasa tunaomba ruhusa tukueleze tukio moja, kwa idhini ya mhusika mwenyewe, aliyekaa pale mstari wa mbele na kitenge cha bluu.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa pili wa mikusanyiko yetu. Jumamosi ile kiti chake kilikuwa kitupu. Bibi huyu hajawahi kukosa, na hukaa mahali pale pale, mkono wa kushoto wa bao, akiwasahihisha wachezaji. Mzee mmoja akauliza mara ya kwanza, akauliza tena, halafu akaacha kete akasema, "Nendeni mkamtazame." Vijana wawili wakaenda. Walimkuta amekaa kwenye kiti sebuleni, madirisha yamefungwa, feni inampulizia hewa ya moto usoni. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa siku tatu kabla. Aliwaambia "karibuni", lakini maneno yaliyofuata hayakueleweka, na ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria. Mmoja akapiga 911, namba ya dharura. Mwingine akalowesha taulo, akamwekea barafu shingoni na kwapani, kama tulivyofundishwa na muuguzi mmoja hapo hapo kwenye nyasi, kati ya mpira na hadithi. Alilazwa siku nne.

Baadaye tulimuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akasema, "Kila mtu ana joto lake. Ningemsumbua nani?" Mwenye nyumba alikuwa ameambiwa, na alikuwa ameahidi kuja. Kanuni za jiji zinamtaka mpangishaji ahakikishe kiyoyozi kinapoza chumba hadi nyuzi 82 za Farenhaiti, yaani kama 28 za Selsiasi, au chini yake; bibi hakuijua kanuni hiyo, na sisi pia hatukuijua. Sasa tunaijua, na tunaisoma kwa sauti kila mwanzo wa majira, kabla ya ngoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, takwimu za kaunti zinaonyesha kuwa wengi wa wanaofariki kwa joto wakiwa ndani ya nyumba hukutwa na kiyoyozi kipo, ila hakifanyi kazi. Hao ni watu ambao hakuna aliyeona kiti chao kikiwa kitupu. Tunaliheshimu sana jiji hili, ambalo mwaka 2021 lilianzisha ofisi maalumu ya kukabiliana na joto, na tunavishukuru vituo vya kupozea vinavyofunguliwa kuanzia Mei hadi mwisho wa Septemba. Vimeokoa watu. Lakini mzee wetu hatapanda basi kwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya watu asiojua lugha yao, akitazama ukuta. Kwenye bao atakwenda. Kumsikiliza mjukuu wake akisimulia habari za Sungura atakwenda, hata kama magoti yanauma. Burudani ndiyo inayomtoa mtu ndani ya nyumba yenye joto, na akishatoka, wenzake wanamwona. Wapo wanaodhani ngoma na soga ni mambo ya ziada, ya kufikiriwa baada ya maji na umeme kupatikana. Kwa tuliyoyaona, tunaomba mambo hayo yawekwe pamoja.

Ndipo tunafika kwenye ombi letu. Nyuma yako, Mheshimiwa, kuna ukumbi wa michezo wa shule hii. Una kiyoyozi, maji ya kunywa, vyoo na taa. Umejengwa kwa kodi za watu wa mtaa huu, na sisi tumo. Kuanzia mwisho wa Mei hadi shule zifunguliwe Agosti, mlango wake una kufuli kila Jumamosi usiku. Tunaomba ufunguo. Tunajua hilo lina bima, lina mlinzi, lina gharama ya umeme. Tumekwisha kukaa na Mwalimu Mkuu, ambaye ametusikiliza kwa moyo wa upendo, akatueleza kwamba uamuzi uko kwenye bodi yako. Usafi tutafanya wenyewe. Orodha ya zamu tumeiambatisha, na majina ya wanaume yametangulia. Milango ifunguliwe saa kumi na mbili jioni, wazee waingie kabla joto la jioni halijawachosha, na vijana waendelee na nyasi zao jua likizama.

Tusingelisisitiza hili kama si jambo la mwaka jana. Mwezi Julai, tukiwa katikati ya mkusanyiko, upande wa kusini-mashariki ukainuka ukuta wa vumbi, ile tufani ambayo hapa huitwa haboob, kwa neno la Kiarabu. Ilikuwa inakuja kwa kasi, juu imepita nyumba. Tulikuwa na watoto wachanga na wazee wa pumu, na mlango huu ulikuwa hatua sitini kutoka tulipokuwa. Tulikimbilia magari. Waliokosa nafasi waliwafunika watoto kwa mikeka wakakaa chini wamepeana migongo. Hakuumia mtu, tunashukuru, ingawa mtoto mmoja mwenye pumu alikohoa hadi asubuhi.

Pia tunaomba miti upande wa magharibi wa uwanja, palo verde na mesquite, ambayo ni miti ya huku na haidai maji mengi. Vijana wako tayari kuchimba mashimo Novemba, hewa ikitulia. Na kama bodi ina sauti mbele ya wanaopanga mabasi, tunaomba basi la mwisho la Jumamosi lisiondoke kabla hatujamaliza, maana mama watatu waliokaa pale huondoka kila mara hadithi ikiwa katikati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuandalia kiti mkono wa kushoto wa bao. Bibi wa kitenge cha bluu amekubali kukaa kando yako akuonyeshe kete zinavyosogezwa, na ametuonya kuwa hana huruma na anayejifunza. Maji ya barafu yako karibu nawe. Ngoma zitaanza mara tu utakapokuwa tayari.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya familia zote za Jumamosi usiku.