Risala ya Mabondia Wasichana wa Majengo kwa Mgeni wa Heshima, Ukumbi wa Tononoka, Mombasa

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wa hafla, makocha wetu, mashehe na wachungaji mliofika, baba zetu na mama zetu, na ninyi majirani mliosikia kelele mkaingia kuangalia kuna nini: asalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Mheshimiwa, tunashukuru kwa kuitikia mwito wetu. Jumamosi ya Mombasa ina harusi zake, na mtu kama wewe hakosi kadi za mialiko mezani. Kuziacha hizo ukaja kukaa kwenye kiti cha plastiki kuwaangalia wasichana wakipigana ni jambo ambalo hatutalisahau.

Kila mgeni anayeingia mahali petu pa mazoezi kule Majengo huuliza kuhusu picha iliyobandikwa ukutani, juu ya gunia la mchanga. Ni nani yule mama mwenye glavu? Wako waliodhani ni mwenye jengo. Ni Mary Kom, bondia kutoka India, na sehemu kubwa ya risala hii ni habari zake. Tumeona tukikusimulia safari yake ya ngumi, shida zetu utakuwa umezielewa nusu kabla hatujazitaja.

Mary Kom alizaliwa mwaka 1982 katika kijiji cha Kangathei, jimbo la Manipur, kule India inakopakana na Myanmar. Ni kifungua mimba wa wazazi waliolima mashamba ya watu. Shuleni alikuwa mwanariadha, alirusha mkuki na kukimbia mita 400. Mwaka 1998 kijana wa jimbo lake, Dingko Singh, alirudi kutoka Bangkok na dhahabu ya ngumi ya Michezo ya Asia, na vijana wa Manipur wakashikwa na homa ya ngumi. Mary hakupona. Mwaka 2000 alikwenda Imphal, makao makuu ya jimbo, akamwomba kocha Kosana Meitei amfundishe.

Nyumbani hakumwambia mtu. Baba yake, ambaye ujanani alipigana mieleka, alijua kwamba binti yake ni bondia siku alipoiona picha yake gazetini, ameshakuwa bingwa wa jimbo. Alikasirika sana. Hofu yake ilikuwa moja: uso ukiharibika, nani atamwoa?

Tulipofika hapo katika kuandika risala hii, wenzetu kadhaa waliangua kicheko, maana maneno hayo wameyasikia nyumbani kwao, neno kwa neno. Sisi tunayo na ya ziada, ya mavazi. Kwa faida ya wazazi walioko hapa, tunapenda isikike kwa sauti: mwaka 2019 shirikisho la ngumi za ridhaa la dunia liliruhusu bondia wa kike kupanda ulingoni na hijabu, na nguo ya kumfunika mikono na miguu. Mzazi anayemzuia binti yake kwa ajili ya sitara, kanuni imeshamjibu. Na anayehofia uso, ajue kwamba wanaume walivua kofia za kinga kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, lakini wanawake waliendelea kuzivaa hadi Paris mwaka 2024. Meno nayo yana kinga yake. Hatusemi ngumi haiumi. Inauma.

Mheshimiwa, ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa kwa wanawake ulifanyika mara ya kwanza mwaka 2001, mjini Scranton, Marekani. Mary Kom alikuwako, bado msichana mdogo, akarudi na medali ya fedha. Mwaka uliofuata, Antalya, Uturuki, akachukua dhahabu. Mwaka 2005 akachukua nyingine Podolsk, Urusi, na mwaka 2006 akaitwaa tena nyumbani kwao, New Delhi.

Katikati ya hayo alikuwa ameolewa, na mwaka 2007 akajifungua pacha, wavulana. Watu wakasema basi, huyo sasa ni mama wa watu, glavu zitundikwe. Hapo ndipo tunapomwona mkubwa kuliko mahali pengine popote katika maisha yake. Mwaka 2008 alikwenda Ningbo, China, akarudi na dhahabu ya nne. Mwaka 2010, Bridgetown, Barbados, ya tano. Tangu Antalya hadi Bridgetown, kila ubingwa wa dunia ulipofanyika, dhahabu ya uzani wake ilikwenda kwake.

Kujifungua si kazi ndogo kwa mwili wa bondia. Tumbo ndilo linaloshika ngumi yote, ya kutoa na ya kupokea, na likilegea hata mkono hauna uzito. Kocha wetu wa kike, ambaye mwenyewe ni mama, hutuambia kwamba aliporudi mazoezini kuruka kamba kulimshinda kabisa, yeye aliyekuwa akiruka huku akipiga soga. Katika kikundi chetu wako mama watatu. Wawili wanaendelea. Wa tatu aliacha, na hakuacha kwa sababu ya mwili, aliacha kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumshikia mtoto saa ya mazoezi. Mume wa Mary Kom wa wakati huo, aliyekuwa mchezaji wa soka, alibaki na watoto ili mkewe aende kambini. Akina baba mlioko humu ndani, tumeliweka hilo makusudi.

Sasa habari ya uzani, ambayo wasiojua ngumi huiona ni jambo dogo. Olimpiki zilianza kuwapokea wanawake kwenye ngumi London, mwaka 2012, na kwa uzani tatu tu: kilo 51, kilo 60 na kilo 75. Wanaume mwaka huohuo walikuwa na uzani kumi. Mary Kom dhahabu zake alizichukua kwenye kilo 45, 46 na 48. Kwenye Olimpiki yeye hakuwa na mahali pake. Ilimbidi apande hadi 51, akapigane na wanawake waliomzidi kimo na urefu wa mikono. Kilo tatu kwa mtu mzima wa kawaida ni mwezi mmoja wa pilau. Kwa bondia mwembamba anayetakiwa aziongeze bila kupoteza wepesi wa miguu, ni mateso.

Alikwenda hivyohivyo. Pambano la kwanza alimshinda Karolina Michalczuk wa Poland kwa pointi 19 kwa 14, siku pacha wake walipotimiza miaka mitano. La pili akamshinda Maroua Rahali wa Tunisia, 15 kwa 6. Kwenye nusu fainali akakutana na Nicola Adams wa Uingereza, akashindwa 11 kwa 6. Adams akaenda kumpiga Ren Cancan wa China akawa mwanamke wa kwanza duniani kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya ngumi, na Mary Kom akarudi nyumbani na shaba, akiwa na umri wa miaka 29.

Mtu mwingine angestaafu hapo na heshima zake. Yeye mwaka 2013 alijifungua mtoto wa tatu, na mwaka 2014 akachukua dhahabu ya Michezo ya Asia kule Incheon, Korea Kusini. Mwaka 2016 aliteuliwa kuingia baraza la juu la bunge la India, na bado akawa anafunga bendeji mikononi na kupanda ulingoni. Mwaka 2018 alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia, na mwezi Novemba, New Delhi, akapata ubingwa wa dunia wa sita. Mwaka 2019 akaongeza shaba, ikawa medali yake ya nane ya ubingwa wa dunia. Hakuna bondia wa ridhaa, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amefikisha hizo.

Gold Coast hiyohiyo, mheshimiwa, ndipo Christine Ongare wa Kenya alipopata shaba ya kilo 51, Mkenya wa kwanza wa kike kupata medali ya ngumi katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Kabla yake, mwaka 2012, Elizabeth Andiego alikuwa amekwisha kututangulia Olimpiki ya London. Ongare naye ni mama, aliyezaa akiwa bado mdogo sana. Picha yake tunaitafuta iliyo kubwa tumweke ukutani upande wa pili, kwa sababu haifai mgeni tu ndiye awe na picha.

Tumekusimulia yote haya ili tufike hapa. Mary Kom hakufanywa bingwa na gunia la mchanga. Alifanywa na mapambano, mwaka baada ya mwaka, na watu wa uzani wake. Nicola Adams, tuliyemtaja, alipigana mara ya kwanza ana miaka 13, kisha akakaa karibu miaka minne bila kupata msichana wa kupigana naye. Huko ni Uingereza, ambako wanawake waliruhusiwa kupigana ngumi za ridhaa mwaka 1996. Kama Uingereza ilikuwa hivyo, sisi wa Majengo tuna hali gani?

Tutakwambia. Mwaka jana mwenzetu mmoja alijiandaa kwa mashindano ya mkoa. Alishinda na njaa ili ashuke uzani, akakimbia alfajiri kutoka Buxton hadi Mama Ngina na kurudi, kabla jua halijapanda. Mizani hatuna, kwa hiyo alikuwa akienda soko la Kongowea kwa mama mmoja muuza viazi, anapanda kwenye mizani ya magunia, na wapagazi wanamkisia bei. Siku ya mashindano uzani wake ulikuwa sawasawa. Aliitwa ulingoni, akapanda, akasimama kwenye kona yake. Upande wa pili hakuna mtu. Refa akamnyanyua mkono, akapewa medali ya dhahabu. Ngumi hakurusha hata moja. Alipofika nyumbani mamake alimpigia vigelegele, naye akaingia chumbani akalia.

Medali za namna hiyo tunazo kadhaa, mheshimiwa. Ukiziona kwenye kabati utadhani hapa kuna mabingwa watupu. Wasichana wa uzani wetu wako: tunawasikia Kilifi, Kwale, Lamu, na Nairobi ndiko waliko wengi zaidi. Tatizo ni nauli, na waandaaji ambao pambano la wasichana kwao ni la kujazia muda wavulana wakipumzika. Mara nyingi tumeambiwa siku hiyohiyo kwamba letu limeondolewa kwenye ratiba, na tumeshajifunga bendeji.

Kwa hivyo tukisimama mbele yako na ombi, vikombe havimo. Kikombe unachoweza kutuletea, tunakuomba ukigeuze nauli. Tunaomba utusaidie kuandaa siku moja ya ngumi za wasichana watupu kila miezi mitatu, hapahapa Tononoka, na kuwaleta wapinzani kutoka kaunti jirani kwa matatu, na wa Nairobi kwa treni. Chakula tutapika wenyewe. Pa kulala kwa wageni, mama zetu wameshakubali. Tunahitaji mizani ya kweli, maana muuza viazi amehamia Likoni na mizani yake. Tunaomba daktari au muuguzi awepo siku za mapambano, kwa sababu bila yeye hakuna pambano linaloruhusiwa, na hili limeshatuvunjia ratiba. Glavu tunazo jozi nne, mbili zinatoka pamba. Bendeji tunazikata kwenye leso kuukuu za nyumbani, na kwa kweli zinafaa kuliko watu wanavyodhani, ingawa yenye jina huja mtu akauliza maana yake katikati ya mazoezi.

Lipo pia lile la watoto. Tunaomba malipo kidogo kwa mama mmoja wa mtaani atakayekaa na watoto wa mabondia jioni za mazoezi. Si fedha nyingi. Zingekuwepo mwaka jana, mwenzetu wa tatu asingeacha.

Kwa upande wetu tumefanya tuliloweza. Tunachanga kila wiki, anayekosa anafagia ukumbi. Tunakwenda shule za msingi za karibu kuwafundisha wasichana wadogo kusimama, kuinua mikono na kusogeza miguu, na walimu wameanza kutuita wenyewe. Wazazi wanne waliowatoa binti zao kikundini wamewarudisha, mmoja wao yuko hapa mstari wa mbele na ndiye aliyeleta maji ya kunywa. Asante, baba.

Mheshimiwa, leo tulikuwa tumepanga mapambano mawili. Moja limeshindikana, mpinzani kutoka Kilifi hakupata ruhusa nyumbani. Lililobaki ni la kilo 48, raundi tatu, mwenzetu na msichana wa Ukunda aliyevuka feri tangu asubuhi. Wote wawili wamepimwa na wako tayari. Tunakuomba, ukishaipokea risala hii, usogee karibu na ulingo, ukae upande wa kona nyekundu ambako kuna feni.

Ni sisi,
Mabondia wasichana wa Majengo, Mombasa.