Barua ya wazi kwa shangazi yangu anayefuata mzigo Guangzhou

Shangazi, shikamoo.

Nimerudi salama kutoka Guangzhou tangu Alhamisi. Nilipokupigia simu uliniuliza mambo mawili tu: bei ya mabegi kwenye soko la Sanyuanli imefika wapi, na kama yule ajenti wako wa mtaa wa Xiaobei bado yupo. Yote mawili sikuwa na jibu. Ukashangaa, ukasema, "Sasa siku tisa zote ulikuwa unafanya nini huko?" Kwenye simu nilishindwa kukueleza, ndiyo maana nakuandikia. Naandika hadharani kwa sababu Kariakoo nzima ina akina mama na akina kaka wanaoijua Guangzhou kama wewe unavyoijua, na ninayotaka kukuambia yanawahusu wote.

Ulianza kwenda China mimi nikiwa darasa la nne. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye pochi na viatu ulivyovipanga mwenyewe ndani ya maboksi, usiku, ukiwa na kalamu ya wino mzito mkononi. Unajua ghorofa ya ngapi wanauza zipu imara na ghorofa ya ngapi zipu zinakatika kabla mteja hajafika nyumbani. Unajua kontena litajaa lini kwa kupima maboksi kwa macho. Lakini nilipokuuliza kabla ya safari kuna nini cha kuona, ulifikiri kidogo, ukaniambia, "Maduka. Na mvua." Nisamehe, Shangazi, lakini mji wenyewe bado hujauona, na umekuwa ukilala katikati yake miaka yote hii.

Chukua hoteli yenu pale Xiaobei. Panda metro mstari wa 5, kituo kimoja hadi stesheni kuu ya reli, ubadilishe mstari wa 2, kituo kimoja tena, ushuke Yuexiu Park. Ukivuka barabara tu kuna makumbusho ya kaburi la mfalme. Mwaka 1983 walikuwa wanachimba kilimani pale wajenge nyumba, wakakuta mawe ya paa la kaburi. Ndani alikuwemo Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, ufalme wa kale wa kusini mwa China, aliyefariki mwaka 122 Kabla ya Kristo, amevikwa vazi la vipande 2,291 vya jiwe la jade vilivyoungwa kwa nyuzi za hariri. Watu wote wanasongamana kwenye hilo vazi, na ni haki yao. Mimi kilichonisimamisha kilikuwa kingine.

Kwenye kaburi hilo yalikutwa meno matano ya tembo. Yamepasukapasuka, yamegeuka rangi kama ukuni wa zamani, na maelezo yanasema ni ya tembo wa Afrika. Pia ulikutwa ubani ndani ya kisanduku. Ubani, Shangazi! Sijui nilisimama pale dakika ngapi. Nilimfikiria mtu aliyeyabeba meno yale begani hadi pwani fulani, na mwingine aliyeyapakia chomboni, na mwingine aliyeyapokea, kila mmoja akikadiria bei na kugombea faida yake, bila kujua mwenzake wa mbele ni nani. Miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Halafu nikakukumbuka wewe, na kijitabu chako cha mahesabu chenye jalada la bluu. Nililia kidogo. Mlinzi akanisogelea akaniuliza kitu kwa Kichina, nikamwonyesha meno yale na kisha nikajishika kifuani. Sidhani alinielewa, ila aliniacha nikae.

Nje, kuelekea bustani ya Yuexiu, nilikuta misufi. Si huu wetu wa kujazia mito na magodoro, ni ndugu yake, mwenye maua mekundu mapana kama kiganja, na mwezi Machi huchanua hata kabla majani hayajatoka. Ndilo ua la mji wao. Ni zito kiasi kwamba likidondoka unasikia kishindo. Bibi mmoja alikuwa anayaokota moja moja, analipuliza vumbi, analiweka kwenye mfuko wa plastiki. Wanayaanika, kisha wanayachemshia chai na supu, wanasema yanatoa unyevunyevu mwilini. Na unyevunyevu wa mwezi ule unaujua: kuta zinatoka jasho, soksi hazikauki siku tatu. Bibi alinipa ua moja bila kusema neno. Nililibeba hadi hotelini mikononi kama yai.

Mambo ya chai sasa. Watu wa Guangzhou wakienda kula asubuhi wanasema yam cha, yaani kunywa chai, kama sisi tunavyosema tumekunywa chai hata kama tumekula chapati na maharage. Najua asubuhi zako kule ni biskuti na maji ya moto ya birika la chumbani kwa sababu unawahi soko. Mimi nilipata mgahawa wa Waislamu katika mji wa kale, umejaa wazee, na kwa kuwa hakukuwa na meza tupu nikakalishwa na mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti. Alipoona nimeshika kikombe nataka kunywa, akanizuia kwa mkono. Akachukua bakuli langu, kikombe changu na vijiti vyangu, akavisuuza vyote kwa chai ya kwanza, akaimwaga, ndipo akanimiminia. Kisha akagonga meza mara mbili kwa ncha za vidole viwili, akaninyooshea mkono na mimi nigonge. Ndivyo wanavyoshukuru wakimiminiwa chai, ili mazungumzo yasikatike. Chai ikiisha usimwite mtu; unafunua kifuniko cha birika na kukiegesha pembeni, mhudumu akipita anaongeza maji ya moto. Vikaja vikapu vya mianzi vinavyofuka mvuke: vitafunwa vya kamba wa majini vyenye ngozi nyembamba unaona wekundu kwa ndani, na shuka laini za unga wa mchele zilizoviringishwa na nyama ya ng'ombe. Tulikaa saa moja na nusu. Hatukuwa na neno hata moja tulilolijua wote wawili, na vidole vilikuwa vimechoka kugonga.

Najua umeswali Ijumaa msikiti wa Xianxian, kila mfanyabiashara kutoka kwetu anaujua, pamoja na wale wauza mikate na mishikaki nje ya lango. Lakini ule wa Huaisheng, ndani ya mji wa kale, hujafika. Ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa China. Mnara wake ni mviringo, mweupe, wa mita 36 hivi, hauna nakshi, na wenyeji wanasimulia kuwa taa yake iliwaongoza mabaharia zamani mto ulipokuwa karibu. Paa la msikiti ni la vigae vya Kichina lenye pembe zilizoinuka, na chini yake unasikia salamu ileile unayoijibu Kariakoo.

Kuna siku nilitembea Shamian, kisiwa kidogo chenye miti mikubwa ya kivuli na majengo ya Waingereza na Wafaransa, waliopewa sehemu ile baada ya vita vya pili vya kasumba walivyopigana na China. Nikasoma jambo lililonikaa moyoni. Kuanzia 1757 hadi 1842 wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kununua bidhaa za China katika bandari hii ya Guangzhou peke yake, na walibanwa kwenye maghala yao ukingoni mwa mto, jirani na hapo. Kuingia ndani ya kuta za mji ilikuwa marufuku. Walinunua chai na hariri miaka na miaka, wakapakia, wakaondoka, na mji wakausikia tu kwa upande wa pili wa ukuta. Wewe hakuna aliyekuzuia, Shangazi. Umejizuia kwa ajili yetu, na sisi tulishakua.

Ule mnara wa Canton Tower, wa mita 600, unauona kwenye picha za kila mtu. Kupanda juu ni ghali na siku ya ukungu huoni kitu. Panda kivuko cha abiria jioni, kile wanachopanda watu wakitoka kazini na baiskeli zao. Ni kama kwenda Kigamboni, ila ng'ambo zote mbili taa zinawaka na mnara unabadilika rangi juu ya maji. Ukae upande wa nje, upepo ukupige.

Oktoba utakwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Guangzhou, najua hukosi. Safari hii ongeza siku mbili. Hoteli ya siku hizo nalipa mimi, na usiniambie nitunze hela yangu. Mzigo ukishafungwa na ajenti akishakupa risiti, zima simu ya dukani, vaa viatu vya kutembelea, uanze na yale meno ya tembo.

Kadi yangu ya metro imebaki na yuan 34. Nimeitia kwenye bahasha pamoja na lile ua la msufi, limeshakauka. Nakuletea Jumapili baada ya Adhuhuri.

Mwanao.