Asilimia 30 ya nini?

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie vijana wanamuziki wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaoitwa Dar es Salaam kusaini mkataba na lebo, yaani kampuni zinazorekodi na kuuza nyimbo za wasanii.

Swali lao la kwanza huwa "nitapata asilimia ngapi?" Mkulima wa viazi wa Uyole asingeanzia hapo. Lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, imemfundisha kwamba bei ya gunia inaweza kuwa nzuri, ubaya ukawa kwenye gunia lenyewe.

Chukulia lebo imekupa milioni 3 mkononi, ikalipa milioni 2 za studio, 8 za video na 3 za kuusukuma wimbo. Jumla milioni 16, na mkataba unasema zitarudishwa kutoka fungu lako la asilimia 30. Wimbo ukiingiza milioni 20, fungu lako ni 6. Zote zinamezwa na deni, na bado unadaiwa 10. Lebo imeshika zote 20: gharama zake zimerudi, na milioni 4 juu. Wimbo wa pili ukitoka, deni linaufuata.

Dai kipengele hiki: gharama zitolewe kwanza kwenye jumla, kinachobaki ndicho kigawanywe. Kwa mfano huohuo utapata milioni 1.2 tu, si utajiri, lakini deni limekwisha. Na gharama yoyote kubwa isiingizwe bila saini yako, maana video ya milioni 8 huweza kuandikwa 15.

Muda nao una mtego. "Mwaka mmoja, lebo ikipenda itaongeza mara nne" ni miaka 5, na anayependa ni mmoja. Muda unaohesabiwa kwa albamu "zilizokubaliwa na lebo" ni mbaya zaidi. Wakizikataa, mkataba haukomi.

Utunzi (wimbo wenyewe) na rekodi (sauti iliyorekodiwa) ni haki mbili tofauti. Hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo maneno "anahamisha haki zote milele" yanawagusa hadi wajukuu. Omba iwe leseni, yaani ruhusa ya kutumia tu, ya miaka inayotajwa, kwa rekodi tu. Nyimbo ulizonazo zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujapanda basi. Tazama pia nani atasajili jina lako la kisanii BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na nywila ya YouTube inabaki kwa nani.

Mkataba wa Kiingereza ukiwekwa mezani usiku pamoja na kalamu, chukua nakala, mpelekee wakili. Akikagua, ahakikishe umeandikiwa hesabu kila miezi 3 na ruhusa ya kukagua vitabu vya lebo.

Mdau wa muziki,
Mwanjelwa, Mbeya