Tuacheni tubishane chuoni, tena kwa heshima

Mhariri, shikamoo, naomba kanafasi kadogo kwenye ukurasa wako wa barua.

Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye chuo kimoja hapa Moshi, na kinachoniumiza kuliko hata bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, kuchelewa ni hivi tulivyoacha kuongea siasa uso kwa uso. Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na yote yaliyofuata, watu kufa, intaneti kuzimwa siku kadhaa, madarasa yamegawanyika kimya kimya. Huyu wa chama tawala anaitwa chawa, yule wa upinzani anaitwa nyumbu, na ukishabandikwa jina hilo basi hata ukisema saa ngapi sasa hivi kuna mtu atakubishia.

Juzi tulikuwa kwenye kimbweta, zile meza za nje za kusomea, tunafanya kazi ya grupu ya somo la DS (Development Studies), kuhusu vyama vya ushirika, na hapa Kilimanjaro kahawa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ni habari ya nyumbani kabisa. Tukafika mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, jamaa mmoja wa Seneti ya CCM, umoja wa wanafunzi wa CCM vyuoni, akaanza kueleza kwamba vyama vingine vilikuwa vimeoza, wizi umejaa, mkulima halipwi. Mwenzake wa CHASO, umoja wa wanafunzi wa CHADEMA, akataka kusema kwamba wakulima wenyewe ndo walitakiwa kuamua na ndo maana ikabidi virudishwe miaka ya 80. Wote wawili walikuwa na hoja jamani! Ila hakuna aliyemaliza sentensi, mmoja akasema "wewe chawa tu", mwingine akafunga laptop akaondoka, na prezentesheni tukaenda nayo nusu nusu. Usiku wakaendelea kutukanana WhatsApp, na huko mpaka wazazi wa watu walitajwa.

Viongozi wetu wa vyuo jibu lao ni moja tu, siasa marufuku. Bendera na fulana za vyama zikatazwe, sina shida, chuo sio uwanja wa kampeni. Lakini mtu kutoa maoni yake sio kampeni, ibara ya 18 ya Katiba inampa haki hiyo na haisemi akiingia getini aiache kwa mlinzi. Ukitufungia ukumbi hatuachi kuongea, tunahamia tu kwenye simu ambako humuoni mwenzako anavyoumia.

Halafu sisi ni majirani wa Arusha, kilomita 80 hivi tu kutoka hapa. Arusha hiyohiyo Warundi wa pande 19, watu waliokuwa wanauana, walikalishwa mezani na Mwalimu Nyerere kuanzia 1998, alipofariki 1999 Mzee Mandela akapokea, na Agosti 28, 2000 wakasaini mkataba wa amani. Vita haikuisha siku hiyo, najua, lakini walikaa wakasikilizana. Sasa watoto wa darasa moja wanaogawana noti na chapati tunashindwaje?

Na hata hivi vyama vingi vyenyewe vilikujaje? Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima 1991, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wakasema tubaki na chama kimoja, na bado tume ikashauri wale wachache wasikilizwe, Julai 1992 mfumo ukabadilika. Hilo mi naliheshimu sana na natamani kila mwaka wa kwanza alijue kabla hajajiunga na chama chochote.

Ninachopendekeza tumeshakijaribu hosteli kwetu, kwenye mada ya katiba mpya. Sheria ni moja, kabla hujamjibu mwenzako unaeleza kwanza hoja yake mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo, hapo umenielewa. Ni ngumu balaa! Dada mmoja anayetaka katiba hata kesho alirudia weee hoja ya mwenzake kwamba maji na barabara vitangulie, kila akieleza anaambiwa hapana sijasema hivyo, mpaka alipoacha kuongeza vineno vya kejeli ndo akakubaliwa. Hakubadilisha msimamo, wala mwenzake, ila siku iliyofuata walikaa benchi moja na mpaka leo wanasalimiana.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa vyuo vya Moshi na Arusha, tupeni ukumbi Ijumaa moja kila mwezi, mhadhiri awe mwenyekiti, mada ziwe zinazotugusa kama mikopo, ajira, katiba. Simu zizimwe asirekodiwe mtu, na chuo kiahidi kwa maandishi kwamba aliyeongea kwa adabu hataitwa kamati ya nidhamu, maana hapo ndo woga ulipo, kwa wanafunzi na hata kwa wahadhiri wetu, wengine wanatamani kuja ila wanaogopa kibarua kuota nyasi. Kibali tu ndo tunaomba, viti tutapanga wenyewe.

Mwanafunzi, Moshi