Uzi Mwekundu: Barua kwa Dada Yangu

Dada, shikamoo.

Simu zangu hupokei, ila najua hii mtu atakutumia kabla ya jua kuzama. Usitafute jina lako, silitaji.

Nimejaribu kukisamehe kile kikombe cha Mama. Ulikifunga uzi mwekundu mkononi ili watoto wasikosee. Mama akaamka, akakichukua, akaupapasa ule uzi kwa kidole. Hakuuliza. Tangu siku ile akawa anakiosha mwenyewe, na wajukuu wakimkimbilia anawarudisha kwako. Hakuuliza, Dada! Mama aliyetutafunia chakula kabla hatujaota meno.

Nilipokushika ulinijibu, "Si wewe uliyesema ni vijidudu?"

Nilisema, kweli. Nilikuwa koridoni, daktari ndiyo kwanza amenisomea majibu ya kamera waliyomwingiza Mama tumboni, nikakupigia: kansa ya tumbo, imeletwa na bakteria. Ukaanza kulia, simu ikakatika, nami sikupiga tena. Sasa nimalizie nilipoishia.

Saratani yake haikuwa ya kuambukiza. Anayeambukiza ni yule bakteria, helikobakta pailori, na mara nyingi humwingia mtu utotoni, humo humo nyumbani. Hujificha kwenye ute wa tumbo, akaizimua asidi inayomzunguka, akakaa miaka na miaka bila kubisha hodi. Walio naye ni wengi mno duniani na wengi wao hawaugui saratani kamwe. Ila kwa wachache, bakteria huyo huuwasha ukuta wa tumbo bila kukoma, akalisaga tumbo polepole mpaka seli zinaharibika. Tangu mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wamemweka kundi moja na tumbaku, la vitu vinavyoleta saratani. Kwa hiyo ulichokuwa unakizuia kwa uzi, huenda tulishakimeza mimi na wewe kabla hujajua hata kufunga fundo.

Utasema, na kwa shangazi umeshasema, kwamba mimi ndiye niliyemnunulia vidonge vya kiungulia miaka yote ile. Ndiyo, nilinunua. Alikuwa anapata nafuu! Sote tulisema ni mawazo, ni pilipili. Hata madaktari waliamini hivyo zamani kuhusu vidonda vya tumbo, mpaka daktari Barry Marshall wa Australia alipokunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, akaugua tumbo baada ya siku chache. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Naam, 2005, na Mama alikuwa bado analalamika miaka mingi baadaye. Ningejuaje? Mimi si daktari. Na wewe uliyelala naye nyumba moja, ulimpeleka kupima lini?

Samahani. Nilijiapiza nisifike huko.

Nilichotaka kukuambia ni kwamba ukapime. Watoto wa mtu aliyekufa kwa saratani ya tumbo ndio hasa wanaoshauriwa kupima. Ni kupuliza pumzi tu, au kupeleka choo maabara. Wakimkuta, utapewa antibayotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14. Usiache katikati ukijisikia vizuri, maana nakujua. Bakteria huyu siku hizi ni sugu kwa baadhi ya dawa. Mimi nilipima, wakamkuta. Dozi nimemaliza, kinywa kichungu kama shubiri siku zote hizo, na ukipita mwezi narudia kipimo nione kama ametoka kweli.

Siku ya mazishi ulidhani hakuna anayekutazama. Ulikuwa umekandamiza kiganja hapa juu ya kitovu, pale pale alipokuwa akijishika Mama. Nilitaka kuja kukaa karibu nawe. Nikaukumbuka uzi, nikabaki nilipo.

Kikombe ninacho mimi. Mlipokuwa mnagawana vitu vyake nilikitia mfukoni, hakuna aliyekiulizia. Nakinywea kila asubuhi, na uzi sijaufungua.