Barua ya malalamiko: Pete ya gia mliyotuuzia haikukomazwa

Fundi Mkuu,
Karakana ya magari ya zege,
Kibaha, Pwani.

Meneja Mauzo,
Duka la vipuri vya mitambo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PETE YA GIA YA GIABOKSI YA MIKISA ILIYOLIKA NDANI YA WIKI 11

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mapema mwaka huu nilinunua kwenu pete ya gia, ile yenye meno kwa ndani, ya giaboksi ya sayari inayozungusha dramu la gari letu la zege. Nililipa shilingi 3,850,000 na risiti ya EFD ninayo. Kwenye ankara mmeandika wenyewe kwamba ni chuma cha 42CrMo4, aina ya chuma cha aloi, na kwamba uso wa meno umekomazwa, yaani umefanywa mgumu, kwa naitrojeni. Pete hiyo imefanya kazi wiki 11. Ile iliyokuja na gari ilidumu miaka 9, na hata hiyo haikutolewa kwa sababu ya meno. Ilipata ufa kwenye tundu moja la bolti.

Siku pete yenu ilipokufa, gari lilikuwa Mlandizi likielekea saiti na zege mita za ujazo 6. Dereva alisikia mlio kama wa kokoto zinazosagwa, dramu likasita, likarudi nyuma kidogo, likasimama. Mota ya haidroliki inazunguka, dramu halizunguki. Zege hilo ni zaidi ya tani 14, na jua la saa nane mchana halikutupa muda. Tulifungua mlango wa ubavuni tukatoa kwa koleo tulichoweza, kilichobaki kikaganda. Vijana wangu wawili wameshinda siku 3 ndani ya lile dramu na nyundo ya umeme, wakipokezana kila nusu saa kwa sababu ya vumbi na joto. Nilipomwona mmoja wao anatoka akiwa mweupe hadi kope, nikaamua suala hili haliishii kwenye simu.

Nilishusha giaboksi mwenyewe. Bolti ya kumwagia oili ina sumaku, nikaikuta imeota masharubu ya unga wa chuma, na oili imegeuka rangi ya fedha. Gia ya jua, ile ndogo ya katikati, ilikuwa nzima, na gia tatu za sayari, zile zinazozunguka kati ya jua na pete, nzima, zinang'aa. Beringi hazina mchezo. Pete peke yake ndiyo iliyoliwa. Meno yote 72 yamechongoka kama ya msumeno, na sehemu mbili yamekatika kabisa.

Nikachukua tupa. Najua mtasema kwamba jino likishalika ukoko wake mgumu umekwenda, hivyo kulipima pale hakuthibitishi kitu. Ndiyo maana sikuigusa sehemu iliyolika. Pembeni mwa kila jino kuna ukanda wa kama milimita 8 ambao gia za sayari haziufikii, na hapo alama za kisu cha kiwandani bado zinaonekana. Tupa iliuma papo hapo, ikatoa vipande vya chuma kama inavyofanya kwenye nondo. Kisha nikaipitisha mahali hapohapo kwenye pete ya zamani, ambayo bado ninayo. Iliteleza kama juu ya kioo, haikuacha hata mkwaruzo. Fundi yeyote akishika tupa ile kwa mkono wake hatahitaji maelezo yangu.

Ofisa wenu aliniambia kwa simu kwamba tumetumia oili mbaya au tumezidisha mzigo. Oili tuliyoweka ni ya namba 220, kama kibati cha giaboksi kinavyotaka. Ingekuwa oili, ingeanza kuumia gia ya jua, kwa sababu ni ndogo na meno yake hukutana na sayari mara nyingi zaidi kuliko ya pete. Kuhusu mzigo, dramu ni la mita za ujazo 7, na hati za mtambo wa zege zinaonyesha tulikuwa tunapakia 6 kila safari. Kama pete ingefungwa upande, meno yangelika upande mmoja. Haya yamelika sawasawa mzunguko mzima.

Wala hatukufunga pete isiyo yake. Kabla ya kufunga nilihesabu meno: jua 18, kila sayari 27, pete 72, na hesabu inakubali, kwa sababu 18 ukijumlisha na 27 mara mbili unapata 72. Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo inayoonyesha kosa lenu lina uzito gani. Pete imefungwa haizunguki, jua linazunguka mara 5 ndipo keria, ile fremu inayoshika sayari, izunguke mara moja, na asilimia 80 ya nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye keria kwenda kwenye dramu inaegemea meno ya pete. Ukiweka hapo chuma laini dhidi ya sayari zilizokomazwa, sayari zinageuka kuwa visu.

Naelewa kwa nini pete haikomazwi kwa kaboni kama sayari. Ni nyembamba, na ukiipandisha moto mkali kisha ukaizamisha ghafla inapinda na kuwa yai, halafu sayari moja inabeba mzigo wa zote tatu. Naitrojeni inafanya kazi kwenye nyuzi 500 na kidogo, pete inabaki duara, meno yanapata ukoko mgumu. Hatua hiyo ndiyo niliyoilipia, na ndiyo ambayo haikufanywa. Ningeipitisha tupa kabla ya kufunga ningegundua. Sikufanya hivyo, kwa sababu niliamini ankara yenu.

Naomba mrudishe shilingi 3,850,000 pamoja na gharama za kusafisha dramu na siku 9 ambazo gari limelala, mchanganuo nimeuambatanisha. Kama mna shaka na tupa yangu, pete zote mbili zipo. Tuzipeleke TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, zikapimwe ugumu, mimi nikiwepo na mtu wenu akiwepo, na nitalipa nusu ya gharama. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Lingine ni la haraka zaidi kuliko fedha zangu. Siku niliyonunua, niliona rafuni kwenu pete nyingine 4 za aina hii, zenye karatasi ileile ya bluu. Tafadhali zitoeni rafuni leo, na wapigieni simu waliokwisha kununua wasimamishe magari yao wakague oili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi Mkuu,
Karakana ya magari ya zege, Kibaha.

Viambatanisho: nakala ya ankara na risiti, hati za mtambo wa zege, picha za pete zote mbili, mchanganuo wa gharama.