Mhadhiri naye afundishwe kufundisha

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia. Habari yenu ya wiki iliyopita, ile yenye picha ya wahadhiri waliopanga mstari mbele ya hoteli na mabegi ya semina mabegani, imenishinda kunyamaza. Mliandika kwamba wamehitimu mafunzo ya siku tatu ya mbinu shirikishi za kufundishia, na kwamba sasa ubora wa elimu chuoni kwao utapanda. Mgeni rasmi alihojiwa, mkuu wa chuo akahojiwa, mratibu wa mafunzo naye akapewa nafasi yake. Mwanafunzi hakuulizwa hata mmoja.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, sekondari. Nilisomea ualimu Chang'ombe, enzi hizo kikiwa chuo cha ualimu hasa, kabla hakijageuzwa mwaka 2005 kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam. Kabla sijaachiwa darasa nilifundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana kwa maboksi na vifuniko vya chupa, na kupanga ubao ili mtoto wa nyuma asome. Kwenye mazoezi ya kufundisha, mkufunzi wangu alikaa dawati la mwisho na fomu yake kipindi kizima bila kusema neno. Kengele ilipolia aliniita pembeni akanisomea alichoandika: umeuliza swali ukalijibu mwenyewe, umefundisha mstari wa mbele tu, yule kijana wa dirishani hajashika kalamu tangu umeingia. Maneno yale nimefundisha nayo mpaka nastaafu.

Mhadhiri wa chuo kikuu, ukiacha wale wa vitivo vya elimu, hapiti huko. Anaajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi kwa sababu shahada yake ya kwanza ina GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.8 au zaidi, na muda si mrefu anakabidhiwa kundi la semina. Akitaka kupanda atatafuta uzamili na uzamivu, na huko juu atahesabiwa makala alizochapisha kwenye majarida. Vyote hivyo ni vya maana. Ila hakuna mahali ambapo mtu mzima mwenye uzoefu anakaa nyuma ya darasa lake akamwangalia anavyofundisha. Mwalimu wa chekechea anakaguliwa. Mwalimu wa darasa la tatu kule kijijini anakaguliwa na mthibiti ubora. Anayefundisha mhandisi na mhasibu wa kesho haangaliwi na mtu.

Nina mjukuu yuko mwaka wa pili, shahada ya biashara, chuo kimoja cha umma ambacho sitakitaja. Mwaka jana alipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya takwimu. Nikamwomba anionyeshe karatasi ya test aliyorudishiwa. Juu ya jalada palikuwa na 6/20 kwa kalamu nyekundu. Ndani kurasa zote zilikuwa safi: hakuna tiki, hakuna kosa lililozungushiwa, hakuna neno moja la msahihishaji. Nilikaa naye mezani tukaipitia. Swali la pili alikuwa na njia sahihi mpaka mstari wa mwisho, akakosea kugawanya. La tatu hakuelewa kabisa uwezekano wa matukio mawili yanayotegemeana, jambo ambalo mwalimu akikaa naye nusu saa analimaliza. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kwa mhadhiri wake. Akaniambia, "Bibi, hata nikienda nitaambiwa nikasome slaidi."

Sikuamini, nikapanda basi nikaenda mwenyewe. Kwenye ubao wa matangazo wa idara kulikuwa na orodha ya washauri wa kitaaluma, na jina la mjukuu wangu lilikuwepo chini ya mmoja wao, katikati ya safu ndefu ya majina. Nikaenda kwenye ofisi ya huyo mshauri. Mlangoni pamebandikwa karatasi kwa selotepu: yuko nje ya kituo kwa mafunzo, wanafunzi wawasiliane na CR. CR, kwa wasiojua, ni mwakilishi wa darasa, mwanafunzi kama wao, naye alikuwa na sapu ileile! Nikaenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, nikapokewa kwa heshima zote, nikaelezwa kwamba suala la masomo lirudi idarani kwa barua. Nikarudi idarani. Nikiwa nasubiri nilisimama dirishani mwa ukumbi ambako kozi ya mwaka wa kwanza ilikuwa inaendelea. Ukumbi umejaa, wengine wamekaa kwenye ngazi, wengine wamesimama nje pamoja nami wakiandika huku daftari limeegemezwa ukutani. Mhadhiri alikuwa anasoma slaidi, neno kwa neno, mgongo kwa wanafunzi. Kijana mmoja akanyoosha mkono. Akaambiwa atauliza kwenye semina. Kipindi kilipoisha slaidi zikatumwa kwa CR, CR akazipeleka kwenye grupu la WhatsApp, na wote wakaelekea steshenari ya ng'ambo ya barabara kuzichapisha. Mhariri, kama mtoto anaweza kupata somo lote steshenari, mzazi analipia ada ya nini? Na yule aliyenyoosha mkono, swali lake limekwenda wapi? Nimefundisha miaka mingi, najua swali lisilojibiwa siku hiyohiyo hugeuka aibu, na mwanafunzi mwenye aibu haulizi tena mpaka aone jina lake kwenye orodha ya waliodisko, yaani walioondolewa chuoni.

Nilizungumza na mkufunzi msaidizi wa ile semina, kijana mpole. Aliposikia mimi ni mwalimu alinipa shikamoo ya pili. Akasema, "Mwalimu, nilikabidhiwa darasa wiki niliyoripoti. Nafundisha nilivyofundishwa." Simlaumu kijana huyo. Ana makundi mengi, ana karatasi mpaka chini ya meza, na anatakiwa aombe nafasi ya uzamili kabla mkataba haujamgeukia. Huyo ndiye angepelekwa mafunzo, tena yasiyo ya hotelini.

Maana serikali haijakosa fedha za kuwaendeleza wahadhiri. Tuna mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu, dola milioni 425 za mkopo kutoka Benki ya Dunia, ulioanza mwaka 2021. Unajenga madarasa na maabara, unapeleka wahadhiri kusoma uzamili na uzamivu. Naunga mkono. Lakini idara ikipeleka watu masomoni, vipindi vyao vinawaangukia waliobaki, na mwanafunzi aliyepo leo ndiye anayebeba pengo hilo. Tena mtu anaweza kurudi na uzamivu wake, amebobea kweli kwenye utafiti, akasimama mbele ya darasa akasoma slaidi zilezile. Uzamivu unamfundisha mtu kutafiti. Kusahihisha test ikamsaidia aliyefeli ni kazi nyingine, nayo ina mafunzo yake.

Mwaka 2022 tuliona kilichotokea Shule ya Sheria, yaani Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wanakopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili. Watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu 342, walioondolewa 265. Taifa likashtuka, ikaundwa kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na kwa wiki kadhaa kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole: shule ikasema vyuo, vyuo vikasema shule, wengine wakasema vijana hawasomi. Wale walikuwa na shahada tayari, Mhariri. Miaka mitatu, minne, wamekaa kwenye kumbi kama ule niliosimama dirishani mwake. Kelele zikaisha tukaendelea na mambo mengine.

Na hapa niseme la mikopo ya wanafunzi, kwa kuwa linaniuma. Mjukuu wangu akipata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi kulipa Bodi ya Mikopo. Zamani ilikuwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa mwaka 2016. Ni deni, atalipa. Bodi inajua kumtafuta mdaiwa hadi kwa mwajiri wake. Lakini yeye akimtafuta mhadhiri semista nzima asimpate, akarudia kozi, akaongeza muda na deni likakua, hakuna sheria inayomkata mtu yeyote hata senti.

Napendekeza hivi. Mafunzo ya kufundisha yafanyike chuoni, kwenye ukumbi uleule wenye ngazi zilizojaa, wakati wa likizo ndefu na si katikati ya semista. Kisha kila mhadhiri, awe mkufunzi msaidizi au profesa, aangaliwe kipindi kizima mara mbili kwa semista na watu wawili: mwenzake wa somo hilo, na mwalimu mstaafu wa sekondari au mkufunzi wa chuo cha ualimu, aliyekaa dawati la mwisho na fomu. Wastaafu tupo, na hatuhitaji hoteli. Fomu hizo ziingie kwenye faili lake la kupandishwa cheo pamoja na yale machapisho, na zisipokuwepo faili lirudishwe. Karatasi ya test irudi ndani ya wiki mbili, kosa la kwanza limezungushiwa na sentensi moja imeandikwa pembeni. Mshauri wa kitaaluma akae ofisini kila Jumatano saa nane hadi saa kumi alasiri, mlango wazi, na binti aruhusiwe kuja na mwenzake. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, na mabinti wanajua kwa nini hawataki kuambiwa "njoo jioni". Akisafiri, aachie mhadhiri mwenzake hiyo zamu, kamwe asimwachie CR.

Fomu ya mazoezi ya kufundisha tuliyoitumia ninayo bado, ukurasa mmoja mbele na nyuma. Nimeitoa kopi. Mkuu wa chuo anayeihitaji aombe kupitia ofisi yako, nitaituma bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Iringa